Dada wa Nyali, anemoni wako ni mertensii

SWALI

Assalaam alaikum mwalimu. Nina tangi la maji ya bahari la lita 400 hapa Nyali, sasa lina mwaka na nusu. Mwezi uliopita nilinunua anemoni zulia, yule mnyama laini wa baharini anayejitandaza kama zulia, kwa mchuuzi aliyeniambia ni Stichodactyla gigantea. Alisema ametolewa kusini, upande wa Kwale, pamoja na jozi ya samaki wake wa anemoni, wale wa machungwa hafifu wenye mstari mweupe mgongoni. Rafiki yangu aliyeona picha anasema ni haddoni, na amenishauri nijaze mchanga hadi sentimita 15. Mwingine anasema ni magnifica kwa sababu ana minyiri kadhaa mirefu. Anemoni mwenyewe ameukimbia mchanga wangu wa sentimita tano, ameingiza wayo kwenye mwanya wa jiwe na kujitandaza juu ya jiwe hilo. Upana wake ni kama sentimita 35. Je, ni nani huyu? Niongeze mchanga? Na ninaweza kumwekea jozi ya pili ya samaki, wale weusi wenye mistari miwili myeupe? Nakutumia picha tano na kipande cha video.

JIBU

Waalaikum salaam, dada yangu. Nitangulize jibu ili usiende kununua mchanga: anemoni wako ni Stichodactyla mertensii. Mchuuzi amekosea jina, na rafiki zako wawili nao wamekosea, ingawa kila mmoja wao ameona jambo la kweli akalipa maana isiyo yake. Mchanga uache ulivyo. Yaliyobaki nitayaeleza kwa kirefu, kwa sababu jina la anemoni ndilo linalokuambia akae wapi, apewe nafasi gani na atakua hadi wapi. Anemoni akitunzwa kwa jina la mwingine, hafi siku ile ile. Anasinyaa wiki baada ya wiki, na mwenye tangi anabaki kulaumu chumvi au taa.

Kati ya picha zako tano, nne umezipiga kwa juu huku taa za buluu zikiwaka. Zinapendeza, lakini hazisemi mengi. Ukimtazama anemoni zulia kwa juu unaona sahani ya kinywa iliyojaa minyiri mifupi iliyosongamana, na kwa sura hiyo aina zote tatu kubwa, gigantea, haddoni na mertensii, zinafanana. Mwanga wa buluu unaongeza utata, maana mwilini mwao mna protini zinazong'aa zikipigwa na mwanga huo, kwa hiyo anemoni wa kahawia anaonekana wa kijani kibichi. Picha ya tano ndiyo iliyonipa uhakika. Uliipiga kwa ubavuni, simu ikiwa imegusa kioo, kwa mwako mweupe wa kamera, na bahati nzuri ukingo wa sahani upande wa kushoto ulikuwa umejikunja kwenda juu. Chini ya ukingo huo shina linaonekana. Ni jeupe, na juu yake kuna vidoa vya rangi ya machungwa inayoelekea waridi, vimepangwa mistari kutoka juu kwenda chini. Karibu na ukingo ni vikubwa na vinaonekana wazi, kisha vinafifia kadiri shina linavyoshuka mwanyani.

Vidoa hivyo ni chunjua za shina, na hapo ndipo mwanzo wa kumtambua anemoni zulia yeyote. Mertensii ana shina jeupe au la krimu lenye chunjua za machungwa au zambarau nyekundu, na tofauti ya rangi kati ya shina na chunjua inaonekana bila kuhitaji lenzi. Gigantea naye ana chunjua zenye rangi kali, lakini zake ni za buluu hadi nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee, na shina lenyewe kwa kawaida si jeupe: huwa la manjano, waridi, kahawia hafifu au kijivu chenye ukijani. Haddoni chunjua zake ni ndogo, hazivuti jicho, na mara nyingi hazitofautiani sana na rangi ya shina. Ukiona shina ambalo ni kama halina alama yoyote, mfikirie haddoni kwanza.

Hii ndiyo sababu huwaomba watu picha ya shina kabla ya kitu kingine chochote. Na huipati kwa kumng'oa anemoni wala kumgeuza. Wayo wa anemoni ukichanika wakati wa kubanduliwa unaingia maambukizi, na jeraha la wayo huwa gumu kupona. Subiri. Usiku taa zikizimwa wengi wao hunywea, ukingo unajikunja na shina linajitokeza. Vivyo hivyo wakati wa kula, sahani inapojikusanya kukumbatia chakula. Washa tochi nyeupe, iweke pembeni kwa usawa wa jiwe, gusanisha simu na kioo, piga picha nyingi kisha uchague. Kioo kidogo cha kujitazamia kikitumbukizwa nyuma ya jiwe kinaonyesha upande usioufikia.

Baada ya shina, tazama minyiri, na hapa ndipo rafiki yako wa magnifica alipopotea. Ni kweli anemoni wako ana minyiri kadhaa mirefu, nimeihesabu kwenye picha ya pili, saba upande mmoja, kila mmoja ukizidi wenzake mara tatu hivi. Lakini mertensii ndivyo walivyo baadhi yao. Minyiri yao mingi ina urefu wa sentimita moja hadi mbili, halafu hapa na pale panatokea iliyorefuka hadi sentimita tano au zaidi, bila mpango maalumu. Kwa magnifica, ambaye vitabu vingi vinamwita Heteractis magnifica, minyiri yote ni mirefu, yenye umbo la kidole na butu nchani. Shina lake pia halina vidoa vya rangi nyingine, ni la rangi moja inayong'aa, zambarau, buluu, kijani au nyekundu, na hupenda kupanda juu kabisa ya mwamba mahali pa wazi penye mkondo. Akinywea anajifunga akawa donge, na rundo la minyiri likabaki limechomoza juu. Mtu akimwona mara moja hamsahau.

Kati ya mazulia matatu, minyiri hutofautiana hivi. Ya haddoni ni mifupi sana, ncha zake zimevimba kidogo, na imesongamana kiasi kwamba sahani haionekani. Mara nyingi ina rangi mbili tofauti, ndiyo maana haddoni wengi wana mabaka au miale. Alama yake nzuri zaidi iko ukingoni: tazama mstari wa mwisho kabisa wa minyiri, utaona mrefu na mfupi ikipishana, mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, kuzunguka sahani nzima. Ya gigantea imechongoka kidogo nchani na haitulii. Hata pampu ikizimwa, minyiri ya gigantea mwenye afya inatetemeka. Sahani yake nayo imekunjwa makunjo mengi ya kina kama marinda ya gauni, ilhali haddoni hulala bapa au na mawimbi machache, na mertensii hufuata umbo la jiwe alilolalia. Zima pampu zako kwa dakika mbili umtazame wako. Katika kipande cha video ulichoambatisha minyiri inayumba na mkondo, na mkondo ukipungua inatulia.

Jambo la tatu kwenye picha zako ni pale katikati. Mertensii ana eneo pana kuzunguka kinywa lisilo na minyiri, sentimita mbili hadi tano, mara nyingi la manjano au kijani. Lako ni la manjano, na kwa kulilinganisha na samaki aliyepita karibu yake nalikadiria kuwa zaidi ya sentimita tatu. Kwa haddoni eneo hilo ni dogo, sentimita moja au mbili.

Sasa pale anapokaa. Rafiki yako aliyesema haddoni alikuwa na jambo la kweli mkononi: haddoni ni mnyama wa mchangani. Wayo wake hujizika chini, sahani ikatandazwa juu ya mchanga, na ukimgutusha anajivuta wote akapotea ardhini. Kwa haddoni mchanga wa sentimita 10 hadi 15 ni hitaji la lazima. Gigantea ni wa maji madogo, kwenye nyasi bahari na tambarare za mchanga, na maji ya bamvua yakipwa anaweza kubaki karibu nje ya maji hadi bahari irudi, juani. Kwa hiyo anahitaji mwanga mkali na maji yanayosukasuka. Mertensii ni wa mwambani. Hutafuta mwanya kati ya matumbawe, anaingiza wayo ndani, anatandaza sahani yake juu ya jiwe hadi jiwe likafunikwa. Anemoni wako alipoukimbia mchanga wako wa sentimita tano hakuwa akilalamika kwamba mchanga ni haba. Alikuwa akienda kwao. Ungeujaza hadi sentimita 15 ungefunika mwanya aliouchagua, naye angeanza kutembea upya, na anemoni anayetembea ndiye anayeingia kwenye pampu.

Sitegemei makao peke yake, maana tangini mnyama hukaa panapopatikana. Nimeona haddoni wakiwa wamejibanza pembeni mwa kioo kwa kukosa mchanga. Lakini makao yakikubaliana na shina, na shina likikubaliana na minyiri, nafasi ya kukosea inakuwa finyu.

Una ushahidi mmoja zaidi, nao ndio niliofurahia kuliko wote: samaki wako. Jozi hiyo ya machungwa hafifu yenye mstari mmoja mweupe unaoanza kati ya macho na kupita juu ya mgongo hadi mkiani ni Amphiprion akallopisos. Ni wa kwetu hasa. Anapatikana mwambao wa Afrika Mashariki, Komoro, Madagaska na Shelisheli, kisha anatoweka katikati ya Bahari ya Hindi na kuonekana tena Andaman, Sumatra na Java. Samaki huyu si wa kuhamia popote. Baharini anajulikana kukaa na anemoni wa aina mbili tu, magnifica na mertensii. Kama ni kweli mchuuzi aliwapata pamoja juu ya anemoni mmoja, basi samaki wenyewe wameshawatoa gigantea na haddoni kwenye orodha. Magnifica tumekwisha kumtoa kwa shina na minyiri. Anabaki mmoja.

Ushahidi wa samaki una nguvu kwa wanyama waliotoka baharini pamoja, lakini hauna nguvu kwa waliokutanishwa tangini. Samaki aliyezalishwa kwenye banda, ambaye hajawahi kuona anemoni, huenda akajiingiza kwenye anemoni ambaye ndugu zake baharini hawamsogelei, au akalala kwenye tumbawe laini, au hata kwenye kona ya pampu. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia "ni gigantea kwa sababu samaki wangu wamempenda".

Vigezo vitatu ambavyo watu huvitumia sana havina msaada hapa. Rangi, kwa kuwa kahawia ya anemoni inatokana na mwani wa chembe moja anaoishi nao mwilini, na kijani au zambarau zinatokana na zile protini. Aina zote tatu zina kahawia na zote zina kijani. Anemoni mweupe pepe anayeuzwa ghali kwa uzuri wake ni mgonjwa, ameupoteza mwani wake, na wale wa manjano ya limau au waridi ya pipi mara nyingine wametiwa rangi ya dukani. Kigezo cha pili ni ukubwa. Haddoni na gigantea kwa kawaida huishia karibu nusu mita, na mertensii ndiye anayewazidi wote, hupita mita moja. Lakini mertensii mdogo ana upana ule ule wa haddoni mzima, kwa hiyo sentimita zako 35 hazisemi lolote. Cha tatu ni kunata. Ni kweli haddoni na gigantea wananata vibaya sana, haddoni kiasi kwamba minyiri yake inaweza kukatika ikabaki kwenye glavu, na mertensii hunata kidogo kuliko wao. Ila anemoni mgonjwa wa aina yoyote huacha kunata, hivyo kipimo hicho kinapima afya zaidi kuliko aina. Tafadhali usikijaribu kwa mkono mtupu. Kunata huko ni seli za sumu zinazofyatuka kwenye ngozi, na ukijigusa jicho baadaye utajuta. Sumu hizi si mchezo: ile ya binamu yao wa Karibea, Stichodactyla helianthus, ina kiungo cha ShK kinachoziba milango ya potasiamu kwenye seli za kinga, na wanasayansi wamekitumia kuunda dawa ya majaribio ya magonjwa ambayo kinga ya mwili hujishambulia yenyewe.

Kwa kuwa unanunua kwa wachuuzi, nikutajie kwa haraka wengine wanaouzwa kwa jina la zulia. Stichodactyla tapetum ni mdogo, aghalabu hazidi sentimita 10, minyiri yake ni kama punje, na baharini hakai na samaki wa anemoni. Mtu anaweza kuuziwa huyu kama "mtoto wa haddoni" na kumngoja akue. Cryptodendrum adhaesivum ana minyiri ya namna mbili, ya katikati imechanikachanika nchani na ya ukingoni ni vijipu, ikitengeneza ukanda wa rangi tofauti kuzunguka sahani. Anawasha na kunata kuliko wote, na glavu kwake ni lazima. Wa kuogopwa kweli ni Amplexidiscus fenestrafer, ambaye si anemoni kabisa bali ni jamaa wa matumbawe asiye na mifupa. Sahani yake ni pana na nyororo, haina minyiri ya kueleweka wala hainati. Samaki wa anemoni akidhani amepata nyumba na kutua katikati yake, kingo zinapanda polepole zikamfunga kama mfuko, na samaki analiwa.

Huenda unajiuliza mchuuzi alilitoa wapi jina la gigantea. Sidhani alikusudia kukudanganya. Majina ya mazulia yalivurugika kwa muda mrefu. Gigantea alielezwa kutoka Bahari ya Shamu na Peter Forsskål, mtafiti aliyefia Yemen mwaka 1763 na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Mertensii akafuata kwa kazi ya Brandt mwaka 1835, na haddoni kwa kazi ya Saville-Kent mwaka 1893 huko Australia. Katikati na baada ya hapo kila mtu aliandika jina lake, mnyama mmoja akawa na majina lukuki. Mwaka 1981 Daphne Dunn, aliyejulikana baadaye kama Daphne Fautin, aliwapitia upya anemoni wote wanaokaa na samaki na kuwapunguza hadi aina 10. Biashara haikumfuata. Hadi leo kuna orodha za bei ambamo zulia lolote kubwa ni gigantea, na mvuvi wa samaki wa mapambo aliyeko Shimoni au Msambweni anaandika jina ambalo mnunuzi amelizoea.

Turudi kwa mertensii wako. Si mnyama rahisi, na tangi lako la lita 400 linamtosha kwa sasa tu. Akipata afya atafunika jiwe lote, na chochote kilicho karibu kitaungua. Hamisha matumbawe yako, uache angalau sentimita 20 wazi kumzunguka kila upande, na ukipanga tangi jingine siku za mbele chagua lililo pana badala ya refu kwenda juu, maana huyu hukua kwa upana. Jiwe lenye mwanya wake usilisogeze. Ukitaka aelekee upande fulani, badilisha uelekeo wa pampu au wa taa na umpe muda aamue mwenyewe.

Pampu zote zifunike kwa sponji au wavu leo hii. Joto liweke kati ya nyuzi 25 na 27, chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, na uipime kwa rafraktometa iliyorekebishwa, si ile ya plastiki yenye sindano inayoelea. Taa ziwe na nguvu ya kulea matumbawe magumu. Mchana washa na zile nyeupe, sio buluu peke yake. Mlishe mara moja au mbili kwa wiki kipande cha kamba au samaki kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Kipande kikubwa anakimeza kwa pupa kisha anakitapika baada ya siku mbili kikiwa kimeoza, na maji yanachafuka. Samaki wake nao wanamlisha bila wewe kuona: amonia wanayoitoa ni mbolea kwa mwani ulio mwilini mwake. Kwa hiyo jozi ile isitenganishwe naye.

Kumtazama kila siku ni rahisi. Kinywa kiwe kimefumba, wayo umeshika jiwe, rangi ya kahawia haipungui. Akisinyaa kwa saa chache akatoa uteute wa kahawia kisha akajaa tena, anatoa taka, usiingilie. Akisinyaa na kujaa mara nyingi kwa siku, kinywa kikalegea na matumbo yakaonekana, mhamishie kwenye ndoo ya maji ya tangi lile lile yenye kipashajoto na hewa, na unitumie picha siku hiyo hiyo. Akianza kunuka na kuyeyuka, mtoe usisubiri mtu, maana mnyama wa ukubwa huo akiozea ndani ya lita 400 anaondoka na samaki wote.

Naomba pia ufikirie hili kabla ya kununua mwingine. Anemoni ni wanyama wanaoishi muda mrefu sana. Huko Scotland, anemoni mmoja wa aina nyingine aliyechukuliwa pwani mwaka 1828 alitunzwa kwenye chupa hadi akafa mwaka 1887. Mertensii mwenye upana wa sentimita 35 hakukua kwa msimu mmoja, na anapotolewa mwambani jozi iliyokuwa ikimtegemea, kama haikukamatwa naye, haina pa kujificha. Samaki wa anemoni wanazalishwa na kununuliwa bila kugusa bahari, na tangini wanaishi vizuri bila anemoni. Mazulia hawa karibu wote bado wanatoka porini. Ndani ya mbuga zetu za taifa za bahari, Kisite ikiwa ndiyo iliyo karibu na eneo alilolitaja mchuuzi wako, hairuhusiwi kutoa chochote. Muulize kwa upole alimpata wapi hasa na kama mvuvi wake ana leseni. Mchuuzi mwaminifu hatachukia swali hilo, na mkiwa wengi mnaouliza, ataanza kuwauliza wavuvi wake.

Mwisho, jozi ya pili. Hao weusi wenye mistari miwili myeupe na mkia mweupe, kama ndio Amphiprion allardi ninaowafikiria, nao ni wa mwambao wetu, na mertensii ni mmoja wa anemoni wanaokaa naye baharini. Kwa hiyo wazo lako halikutoka hewani, wangemwingia bila kusita. Hapo ndipo penye tatizo. Akallopisos ni mpole, hukua hadi sentimita 11 hivi, na jozi yako imeshamfanya anemoni huyo nyumba yake. Allardi ni mkubwa kuliko yeye na ni mkali. Mwambani mnyonge ana pa kukimbilia. Katika lita 400, zenye anemoni mmoja, allardi jike atawafukuza hadi pembeni mwa tangi, watakosa chakula, mapezi yatachanika, na ndani ya wiki chache utabaki na jozi moja. Usiwaweke. Ukiwataka sana, wape tangi lao, na huko hawahitaji anemoni.